Kateteri ya kifuani kisha grefe ya uboho: mtoto akitetemeka usikimbilie dawa ya malaria

Jambo wandugu. Hii naandikia sana sana mama na papa wa Goma, Bukavu, hata Lubumbashi wenye wanajiandaa kupeleka mtoto wa SS (selimundu) ao mgonjwa wa kansa ya damu kufanya grefe ya uboho (kupandikiziwa uboho wa mtu mwingine) kule India ao kwingine. Mimi nilipoondoka Goma na kijana wangu kupitia Kigali watu walikuwa wamenieleza viza, bei, nyumba ya kupanga, chakula, hata nguo za baridi, lakini ule mpira wanaomwekea mgonjwa kifuani, kateteri, hakuna aliyenigusia hata neno moja, na njo huo ulitaka kuniulia mtoto wakati dawa kali zote alikuwa ameshazipita.

Ilikuwa kisha grefe, tumeshatoka hopitali tunakaa nyumba ya kupanga karibu na hapo. Asubuhi wamesukuma serumu (maji ya chumvi ya hopitali) kwenye kateteri kama kila siku, nusu saa haijaisha mtoto anaanza kutetemeka, meno yanagongana, kitanda chote kinatikisika. Sasa mimi ni mtu wa Goma, mtoto akitetemeka hivyo kichwa changu kinajua neno moja tu, malaria. Nikamfunika blanketi mbili, nikaanza kufungua valizi kutafuta Coartem niliyobeba toka nyumbani. Dada yake, ule aliyemtolea uboho, njo akaniuliza, mama, si walisema akitetemeka tupige simu mbio? Ule mtoto wa kike alimuokoa kaka yake mara mbili. Tulipofika hopitali presha ilikuwa imeanza kushuka, microbe ilikuwa imekaa ndani ya mpira na kila mara wakisukuma serumu ilikuwa inamwagwa karibu na moyo.

Basi nitaeleza hatua kwa hatua vile tulivyofundishwa na wauguzi na vile nilivyoona na macho yangu. Timu yenu ya grefe ikiwaambia kitu tofauti fuateni yao, maana kila hopitali iko na kanuni zake.

1. Elewa kwanza ni kitu gani wamemwekea

Kateteri si kama ile sindano ya serumu ya mkononi tunayoijua huku. Ni mpira mrefu na laini, unaingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo ao wa chini ya mfupa wa bega, ncha yake inafika pale mshipa mkubwa unapoingia moyoni, na upande mwingine unapita chini ya ngozi kama kinjia kidogo halafu unatokea kifuani. Njo maana nasema ni mlango wa moyo, hakuna ngozi, hakuna tumbo, hakuna kitu kinachosimama katikati, chenye kinaingia pale kimefika.

Ile wanayotumia sana kwa grefe inaitwa Hickman, jina la dokta Robert Hickman wa Seattle kule Marekani aliyeieleza mwaka 1979, alichukua ile ya Broviac ya mwaka 1973 akaipanua tundu ju wagonjwa wa grefe walikuwa wanahitaji damu nyingi, plakete (chembe za kugandisha damu), dawa na chakula cha mshipa kwa wakati moja. Ndani ya ile sehemu inayopita chini ya ngozi kuna kapete ka kitambaa, nyama ya mwili inakashika kisha wiki mbili mpaka nne, kanazuia mpira usitoke na kanafungia microbe njia. Kwa hiyo zile wiki za kwanza kapete hakajashika bado, mpira ukivutwa unatoka. Hapo njo mahali pa kuchunga sana mtoto anayelala vibaya.

Nje utaona mikia miwili ao mitatu, kila mmoja uko na klampu (kibanio) yake na kifuniko chake. Uliza kila mkia unafanya kazi gani, andika kwenye kaye. Kwa mfano wakipitisha siklosporini, ile dawa ya kuzuia uboho mpya usipigane na mwili, kwenye mkia mmoja, damu ya kupima kiasi cha siklosporini haifai kutoka kwenye ule mkia, ju dawa inabaki imeganda kwenye kuta za mpira na kipimo kitaonyesha iko nyingi sana wakati ndani ya mwili iko kidogo, dokta atapunguza dawa na uboho mpya utaanza kupigana na mwili. Mzazi anaweza kukumbusha hiyo bila kugombana, unasema tu kwa adabu, dokta samahani, siklosporini inapita ule mwekundu. Watakusikiliza.

2. Siku ya kuiweka

Hapa nitapita haraka ju kazi ni yao. Uliza tu kama wataongoza sindano na ekografi (ultrasound), uliza plakete ni ngapi na kama atapewa zingine mbele ya kuanza, na uliza kama watapiga radio (picha ya eksirei) ya kifua kisha. Ile radio inaonyesha ncha imefika wapi na kama pafu halikutobolewa. Mtoto akisema kifua kinamuuma akivuta pumzi, ao anahema mbio, ao moyo unaruka ruka, ita mtu saa hiyo hiyo, usingoje ziara ya asubuhi. Damu kidogo kwenye pansema (bandeji) siku ya kwanza inatokea, lakini ikiendelea kulowa onyesha.

3. Mikono na kifuniko

Kama ni kushika kitu kimoja kwenye haya yote shika hiki. Microbe nyingi haziingii kwa bahati mbaya, zinaingia na mikono ya watu, kwenye kifuniko, pale mtu anapochomeka seringi mbio mbio ju ako na wagonjwa wengine wanamngoja. Kwetu kila aliyegusa mpira, awe dokta mkubwa awe mimi mama, alipaswa kufanya hivi: kunawa mikono na sabuni ao alkoli, kuvaa glovu, kashene (barakoa) usoni, halafu kusugua kifuniko na alkoli ya 70 kwa mia, kwa sekunde 15, kusugua kweli kweli kama unakamua chungwa, si kupangusa tu, na kuacha kikauke chenyewe. Usipulizie na mdomo, mdomo umejaa microbe.

Usiku mmoja mtu wa zamu alikuja, akachomeka seringi bila kusugua. Mimi niliona, nikanyamaza, ju kwetu tumezoea mgonjwa hafundishi muganga. Siwezi kusema njo hapo microbe iliingia, lakini toka siku ile sikunyamaza tena. Sikujua lugha yao vizuri, basi nikawa naonyesha na vidole vyangu, namna hii, sugua sugua, na wengi walicheka vizuri wakarudia. Mama zangu, haya ya kuona aibu iacheni uwanja wa ndege.

Kifuniko kikidondoka ao kikigusa kitanda, ni kipya kinawekwa, hakirudishwi. Mikia isiburute tumboni wala kwenye pampasi. Sisi tulishona kamfuko ka kitenge, kamba shingoni, mikia yote inakaa ndani, tukawa na tufuko tano tunafua kila siku kwa maji ya moto na kupiga pasi. Makasi mbali kabisa na ule mpira, hata kama ni kukata pansema tu.

Na hii nasema kwa heshima yote kwa wachungaji wetu: maombi ndiyo, mafuta ya upako yapakwe mkononi ao yabaki kwenye chupa, kifuani karibu na tundu hapana. Dawa ya kienyeji ya kidonda hapana. Poda hapana. Watu kumkumbatia kifua kwa kifua hapana.

4. Pansema na kuoga

Pansema ya plastiki ya kuonea ndani inabadilishwa kila siku 7, ya kompresi (shashi) kila siku 2, lakini ikilowa, ikichafuka ao ikiachia kona inabadilishwa siku hiyo hiyo, usihesabu siku. Ngozi inasafishwa na klorheksidini ya 2 kwa mia ndani ya alkoli, wanasugua kama sekunde 30 na kuacha ikauke. Kama ngozi ya mtoto inawasha ao inatoka malengelenge mwambie dokta, inaweza kuwa ni ile dawa ao gundi, ao ni ngozi yenyewe inashambuliwa na uboho mpya.

Kuoga ni kwa kitambaa ao kwa bomba la mvua huku umefunika kifua na sashe (mfuko wa plastiki) na gundi pande zote. Karai, bafu la kujaza, pisini, ziwa, yote hapana. Najua watoto wa Goma na Bukavu wamezaliwa na Kivu mbele ya macho, lakini mpaka mpira utoke na kidonda kipone, ziwa ni la kuangalia.

5. Kusukuma serumu, na mpira ukikataa

Kama watakufundisha kusukuma mwenyewe, tumia seringi ya mililita 10 ao kubwa zaidi. Watu wanadhani ndogo ni salama, kumbe ni kinyume, seringi ndogo inatoa presha kubwa na inaweza kupasua mpira. Sukuma kidogo, simama, sukuma kidogo, simama, hiyo inaosha kuta za ndani, halafu funga klampu wakati bado unasukuma tone la mwisho ili damu isirudi ndani. Mikia mingine inafungwa na heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), mingine na serumu peke yake, fuata yenu.

Ukikataa usilazimishe. Narudia, usilazimishe, ju kinachoziba inaweza kuwa ni damu iliyoganda. Angalia kwanza klampu iko wazi, mpira haukujikunja chini ya pansema, mwambie mtoto anyanyue mkono, akohoe, ageuke upande, saa ingine ncha imegusa tu ukuta wa mshipa. Serumu ikiingia lakini damu hairudi pia mwambie, usiseme ah si inaingia, hiyo ni dalili kwamba kitu kimeanza kushika kwenye ncha. Wako na dawa ya kuyeyusha inayoitwa alteplezi, wanaiacha ndani kwa muda halafu mpira unafunguka, lakini ni wao wanaifanya. Mtoto akisema panaumia ao panawaka akisukumiwa, ao kukivimba chini ya ngozi, simamisha hapo hapo, inawezekana mpira umepasuka ndani.

6. Homa na kutetemeka

Hapa njo niliposema kichwa cha mtu wa Goma kinamdanganya. Kwetu homa ni malaria mpaka ionekane ingine, tunanunua dawa, tunangoja kesho. Kwa mgonjwa wa grefe mwenye kateteri homa ni microbe ndani ya damu mpaka ionekane ingine, na hakuna kesho.

Nunua termometa mbili, ju moja itapotea ao betri itakufa usiku. Pima kwapani ao mdomoni kama walivyowaonyesha, kamwe si nyuma, ju pale kuna microbe na ngozi laini inaweza kuchanika wakati hana chembe nyeupe wala plakete. Ikifika 38 piga simu. Usimpe parasetamoli mbele ya kuongea nao, ju inashusha namba na inakudanganya wewe na dokta, lakini microbe inaendelea. Na hata kama termometa inasema 37, akitetemeka, sana sana ndani ya saa moja kisha kusukuma kitu kwenye kateteri, hiyo ni dharura. Kutetemeka kisha kusukuma maana yake microbe imekaa ndani ya mpira na mmeimwaga ndani ya damu. Acheni kutumia ule mpira mpaka wao waseme.

Antibiotiki inatakiwa ianze ndani ya saa moja toka mgonjwa afike. Mbele yake wanachukua damu ya kuotesha microbe sehemu mbili kwa wakati moja, kwenye kateteri na kwenye mshipa wa mkono, mtoto atalia lakini waache wamchome, ju chupa ya kateteri ikiotesha mbele ya ile ya mkono kwa saa 2 ao zaidi, wanajua chanzo ni mpira na si tumbo wala pafu. Mkiwa huku nyumbani hata damu ya kupima malaria inachukuliwa siku hiyo hiyo, sisemi malaria haipo, nasema antibiotiki haingojei majibu ya malaria. Na dawa ya malaria usimpe kivyako, inaweza kugongana na dawa za grefe anazokunywa.

Je, wanatoa mpira ao wanauacha? Inategemea ni microbe gani. Ile ya ngozi, stafilokoki epidermidi, saa nyingi inatibika na mpira unabaki. Stafilokoki ya dhahabu na kuvu ya kandida mara nyingi wanautoa. Presha ikishuka pia wanautoa. Nilililia ule wa mtoto wangu ulipotolewa ju nilifikiri tunarudi nyuma, lakini kesho yake asubuhi homa ilikuwa imeisha.

7. Usingoje usaha

Hii sikuijua na ni jambo linalonishika moyo mpaka leo. Usaha unatengenezwa na chembe nyeupe. Mgonjwa ambaye neutrofili zake (zile chembe nyeupe za kupigana na microbe) ziko chini ya 500 hana kitu cha kutengeneza usaha, kwa hiyo kidonda kinaweza kuwa kimejaa microbe na kinaonekana kisafi. Siku mbili mbele ya kutetemeka kijana aliniambia, mama hapa panauma kidogo, nikaangalia, nikaona wekundu kama wa kuumwa na mbu, hakuna usaha, nikamwambia ni gundi. Basi angalia kila siku kupitia ile plastiki bila kuifungua: wekundu, uvimbe, joto, maumivu ukigusa kidogo, maji maji yoyote. Wekundu ao ugumu ukipanda ukifuata kile kinjia cha mpira chini ya ngozi kuelekea shingo, hiyo ni mbaya kuliko ya pale tunduni, mpira huwa unatoka. Piga picha kila siku na simu mahali pamoja, mwanga ule ule, ukitilia mashaka linganisha. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo tumia vidole safi kusikiliza joto na ulize mtoto, mtoto anajua.

8. Mkono ao uso kuvimba

Mpira ukikaa ndani ya mshipa damu inaweza kuganda kuuzunguka. Watoto wa SS wako na hatari kubwa zaidi ju damu yao inapenda kuganda. Dalili ni mkono wa upande ule kuvimba ao kuwa mzito, shingo kuuma, uso kuvimba asubuhi, mishipa midogo kuonekana kifuani ambayo haikuwepo, kichwa kuuma akiinama. Watafanya ekografi ya dopla. Tiba ni heparini ya chini ya ngozi, lakini plakete zikiwa chini ya 50,000 wanapunguza ao wanangoja ju anaweza kutoka damu, ni kazi ya mizani, muwaachie. Akianza kuhema mbio na kifua kuuma ghafla, donge linaweza kuwa limekimbilia mapafuni, nendeni mbio.

9. Mambo ya ghafla, fundisha kila mtu nyumbani

Mpira ukikatika ao ukipasuka nje: kunja na ubane na vidole kati ya mpasuko na kifua, halafu weka klampu laini isiyo na meno, funika na kompresi safi, nendeni. Kuna namna ya kuutengeneza, usitupe kipande.

Mpira ukitoka wote: mlaze, bonyeza kwa nguvu na kompresi pale tunduni na pia juu pale ulipoingilia mshipa chini ya shingo, dakika 10 bila kuchungulia, plakete zikiwa chini itachukua zaidi. Usijaribu kuurudisha.

Kifuniko kikitoka na klampu iko wazi, mtoto akakata pumzi ghafla ao akazimia: hewa imeingia. Funga klampu kwanza, mlaze kwa ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, piga simu, oksijeni. Njo maana klampu inafungwa kila saa ambayo hakuna kinachopita, na sisi hata mdogo wake wa miaka 5 alijua kuangalia, alikuwa anapita jioni anahesabu, moja imefungwa, mbili imefungwa.

10. Mbele ya kurudi nyumbani

Uliza mapema, wiki kadhaa mbele, mpira utatoka lini. Kama hakuna dawa ya mshipa inayobaki, omba utolewe mbele ya kupanda ndege, ju kila siku ya ziada ndani ya mwili ni siku ya hatari, na huku Goma na Bukavu klorheksidini, vifuniko na seringi za 10 unaweza kuzitafuta siku nzima. Kama inalazimu kurudi nao, beba vifaa vya miezi yote iliyobaki, karatasi yenye jina la kateteri, tarehe ya kuwekwa, mikia mingapi, inafungwa na nini, microbe iliyopatikana na antibiotiki iliyofanya kazi, iandikwe Kifaransa, na namba ya simu ya timu ya grefe. Mbele ya ndege haijaruka tafuta dokta mmoja huku atakayekubali kumpokea usiku, ongea naye, umtumie ile karatasi. Mtu yeyote wa dispansari asichukue damu ya kupima kwenye ule mpira ju tu mshipa wa mkono unasumbua.

Siku ya kuutoa wanaachilia kale kapete kwa mkasi mdogo, mtoto anapewa dawa ya ganzi, wanabonyeza, wanafunika na pansema inayoziba hewa, na analala chali kama nusu saa. Wahesabu mpira umetoka mzima na ncha yake iko. Tundu linafunga lenyewe kwa siku kadhaa, mpaka hapo hakuna kuloweka. Na homa ikija ndani ya siku zinazofuata bado waambie alikuwa na kateteri, hata kama kifuani hamna kitu tena.